Mtoto akishindwa, msimulie habari za Brooklyn

Mzazi, mtoto wako akirudi kutoka mchezoni akilia kwa kushindwa, msimulie habari za Brooklyn Dodgers, timu ya besiboli ya New York. Kati ya 1941 na 1953 walifika fainali ya ubingwa mara tano. Mara zote tano walifungwa na majirani zao, Yankees. Mashabiki walizoea kufarijiana: ngojeni mwakani.

Mwaka 1955 wakakutana tena, wakapoteza mechi mbili za kwanza. Hawakukata tamaa. Oktoba 4, katika mechi ya saba, mrushaji wa miaka 23, Johnny Podres, aliwanyima Yankees hata pointi moja. Brooklyn wakashinda 2-0.

Usimwambie mtoto kushindwa hakuumi, kunauma. Kaa naye kwanza, kisha kesho mrudishe mazoezini.