Mombasa haina mchanga wa jangwa

Mwanangu wa miaka 13 ana jeshi zima ndani ya sanduku la viatu, chini ya kitanda chake hapa Seeb. Kila askari ana urefu wa milimita 28 hivi. Ni mchezo wa vita wa mezani: unanunua vijiaskari vya plastiki, unaviunga kwa gundi, unavipaka rangi, ndipo unacheza kwa dadu na utepe wa kupimia. Vijana wengi wanaujua kwa jina la Warhammer, wa kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, ulioanza mwaka 1983. Wetu naye alianzia huko, na mazimwi yake. Mwaka huu akaja na jingine: "Baba, nataka nifanye Fort Jesus."

Alikusudia vita vya Waomani na Wareno, pale majeshi ya Imam Saif bin Sultan yalipoizingira ngome tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Boksi la Waomani wa zama hizo hatukulipata. Tukanunua Ansari wa Mahdi wa Sudan, wanaotengenezwa na Perry Miniatures, maana wana mapanga, mikuki na ngao. Viraka vya kanzu zao tukavifunika kwa rangi.

Kwa hali ya hewa yetu, kazi ina mambo yake. Praima ya kopo, ile rangi ya chini, ukiipuliza mchana inakauka hewani kabla haijamfikia askari, akatoka na chengachenga mwili mzima kama kaangwa. Sisi tunapuliza alfajiri. Rangi nazo hukauka upesi kwenye sahani, basi tunaweka sponji yenye maji, juu yake karatasi ya kuokea, rangi ikae laini saa nzima. Na ipakwe nyepesi, mara mbili tatu, isifiche uso. Mwisho inapita rangi ya majimaji ya kahawia, inaingia kwenye mikunjo ya nguo na kufanya kivuli. Hapo ndipo plastiki inageuka mtu.

Na suala la masanamu? Liliulizwa kwetu kama litakavyoulizwa kwenu. Tulikubaliana hayapangwi sebuleni. Mchezo ukiisha yanarudi sandukuni. Kila nyumba na masheikh wake.

Ila ugomvi wenyewe ulikuja kwenye beisi, kile kibao cha duara anachosimamia askari. Unapaka gundi nyeupe, unachovya kwenye mchanga, ukikauka unaupaka rangi. Mtoto alileta mchanga wa Sharqiya, akauchekecha kwa chujio la mamake (hilo nalo lina kesi yake), akaupaka manjano. Askari 20, wote jangwani.

Mama yangu, aliyezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, akamchukua mmoja na kumsogeza karibu na miwani. "Hapa wapi, mjukuu wangu?"

"Mombasa, Bibi."

"Mombasa gani hii? Kule ni jiwe tupu la matumbawe, na udongo wake mwekundu ukishika nguo hautoki. Na majani, yamemea kila ufa."

Mtoto anakisikia Kiswahili, lakini kwa kawaida hujibu kwa Kiarabu. Siku ile alikwama kwenye neno matumbawe. Mimi nilinyamaza makusudi. Ikambidi amuulize Bibi mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: ni jeupe au la kijivu? Lina matundu? Wallahi walikaa mpaka Isha. Picha zote nilizowahi kumwonyesha za Mombasa hazikumfanya aulize hata moja ya hayo.

Mchanga ulibanduliwa wote. Sasa matumbawe ni vipande vya koki vilivyomomonyolewa kwa kidole, vikapakwa kijivu, halafu brashi kavu yenye nyeupe kidogo ikapita juu tu, matundu yabaki meusi. Udongo ni kahawia iliyotiwa nyekundu. Bibi alikataa mara mbili, ya tatu akasema, "Enhe, hapo." Majani ni vile vishungi vya kubandika vinavyouzwa tayari, hivyo havina ugumu.

Kazi iliyobaki ni bahari, maana mwaka 1697 merikebu ya Wareno, Santo António de Tanna, ilizama chini ya ngome ile ile. Mtoto ameshanunua rangi ya buluu. Bibi ameitazama chupa, akauliza hiyo ni bahari ya saa ngapi, maji yamejaa au yametoka.