Saratani ya Pili ya Damu: Sababu ya Aliyepona Kutunza Kadi Yake

Kwa mgonjwa wa Bumbire, safari ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, jijini Mwanza, huanzia majini. Mkazi wa kisiwa hicho cha Wilaya ya Muleba huvuka kwanza hadi bara, ndipo atafute gari. Aliyemaliza tiba ya saratani ya damu na kurejea kwenye nyavu zake hatamani kuirudia safari hiyo. Hata hivyo, kwa wagonjwa wachache, miaka kadhaa baadaye huzuka saratani ya damu ya aina nyingine katika mwili uleule.

Saratani ya damu si ugonjwa mmoja. Lukemia huanzia kwenye uboho, yaani kiini laini cha mifupa kinachotengeneza damu. Limfoma hushambulia tezi, na dalili yake mara nyingi ni mitoki isiyopungua. Mayeloma hutokana na seli zinazotengeneza kingamwili. Kwa kuwa seli zote hizo ni za ukoo mmoja, mtu mmoja aweza kupatwa na magonjwa mawili kati ya hayo kwa njia zaidi ya moja.

Njia ya kwanza ni ugonjwa kubadilika. Mwaka 1928, daktari Maurice Richter wa New York alieleza habari za mgonjwa wa lukemia sugu aliyepata uvimbe mkali wa tezi. Hadi leo, lukemia ya namna hiyo inapogeuka kuwa limfoma kali, mageuzi hayo huitwa kwa jina lake.

Njia ya pili ni athari ya tiba yenyewe. Dawa kama saiklofosfamidi huua seli za saratani kwa kuharibu vinasaba vyake. Baadhi ya seli changa za uboho huguswa pia, zikabaki hai zikiwa na kasoro. Lukemia inayotokana na dawa za kundi hilo huonekana zaidi kati ya miaka 5 na 10 baada ya tiba. Ile inayotokana na etoposidi huwahi, mara nyingi ndani ya miaka michache tu.

Jambo hili linaigusa Kanda ya Ziwa. Limfoma ya Burkitt, iliyoelezwa na daktari wa upasuaji Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958, huwapata zaidi watoto wa maeneo yenye malaria nyingi, na saiklofosfamidi ni nguzo ya tiba yake. Uvimbe huo hukua kwa kasi, na mtoto asiyetibiwa hupoteza maisha. Hatari ya saratani ya pili ni ndogo mno ikilinganishwa na hiyo. Kwa hiyo si sababu ya mzazi kukataa dawa, bali ni sababu ya mtoto kuendelea kufuatiliwa baada ya kupona.

Ugumu ni kwamba dalili za saratani ya pili hufanana na za maradhi ya kila siku. Mtu akifika zahanati na homa, uchovu na upungufu wa damu, fikra ya kwanza ni malaria, na mara nyingi ndiyo. Lakini mganga akijua kwamba aliye mbele yake aliwahi kutibiwa saratani, ataagiza mapema kipimo cha picha kamili ya damu, na kumpa rufaa chembe zake zikionekana si za kawaida.

Atajuaje? Kwa kadi. Jina la ugonjwa, dawa zilizotumika, vipimo vyake na tarehe havina budi kuandikwa na kutunzwa pakavu. Dawa ya doksorubisini, kwa mfano, ina kikomo cha kiasi ambacho moyo unaweza kustahimili katika maisha yote. Daktari asiyejua kiasi kilichokwisha kutolewa hawezi kupanga tiba ya pili kwa usalama.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Afya iliyopatikana kwa safari ndefu ya maji na barabara nayo ni mali.