Kalemie: maji ilitangulia ku nyumba ya kambo

Wengi kati yetu tunaokula mshahara wa shaba hapa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tuko na nyumba mbili. Moja ni hii ya kazi, yenye tunalala. Ingine iko kule tulizaliwa, na hiyo tunaitunza kwa kinywa tu: "kwa kambo", "kwetu", "siku ya pansioni nitarudi". Sisi kwetu ni Kalemie, ku ziwa Tanganyika. Kongé ya mwaka huu tulikwenda watatu kuiona nyumba hiyo: kaka yetu mkubwa, dada yetu, na sisi wenye kalamu.

Treni ya kutoka Lubumbashi inapita Kamina, Kabongo, Kabalo na Nyunzu. Ni siku ngapi njiani, usiulize. Beba chakula ya kutosha. Kutoka Kabalo reli inafuata mto Lukuga mpaka ziwani. Reli hiyo ilifika mwaka wa 1915, wakati mji uliitwa Albertville na Wajerumani walikuwa na mashua zao za vita ng'ambo ya maji. Reli ilileta bandari, bandari ikaleta kazi, kazi ikaleta kambo yetu.

Mbele ya kuona maji, unasikia harufu ya ndakala walioanikwa. Sisi watoto wa huko tulikuwa tunaita ziwa "bahari", na mtu asitucheke: urefu wake ni karibu kilomita 670, na kina chake kinapita mita 1.400.

Nyumba za zamani ziko za namna mbili. Kuna zile za wakubwa wa reli na za wafanyabiashara: kuta nene za matofari, barza pana, madirisha marefu ya kuingiza upepo wa ziwa. Na kuna za wafanyakazi, ndogo, zimepangwa mustari. Mtu aliyekomalia mu kambi ya Union Minière ao ya Gécamines atazitambua bila kuambiwa: salon, chumba, jikoni nje, muembe mu lupangu. Aliyezijenga alifikiri kazi, hakufikiri watoto kumi.

Kambo alifanya kazi ku bandari. Alipopata pansioni alinunua parseli karibu kabisa na maji, sababu alipenda kuona mashua zikiingia asubuhi. Nyumba yake ilikuwa na sakafu ya simenti nyekundu. Kila siku ya posho mama alikuwa anaipakula siraji, na sisi watoto tulikatazwa kuingia mpaka jioni.

Tulipofika, barza haikuwako tena. Ngazi tatu za mbele zilikuwa zinashuka ndani ya ziwa. Ukuta wa upande wa maji ulikuwa umepasuka toka juu mpaka chini, na ile sakafu nyekundu ilikuwa chini ya mchanga. Mama mmoja jirani, mwenye alitubeba mugongoni tukiwa wadogo, alitoka kutusalimia.

"Karibuni, batoto ya kambo. Munakuya leo? Maji ilitangulia."

Akatueleza vile walitosha bintu busiku, watoto kwanza, kisha magodoro, kisha mbuzi. Nyumba yetu haikuwa na mtu wa kuitoshea kitu. "Benye nyumba beko Kolwezi," ndivyo walisema watu wa kartie, na waliendelea na kazi yao.

Ni kwa nini maji inapanda? Mtu wa mgodi ataelewa haraka. Ziwa linapokea mito mingi, Ruzizi toka upande wa Kivu, Malagarasi toka Tanzania, na mingine. Lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga, palepale Kalemie. Mlango huo unajaa mchanga na majani. Mvua ikizidi miaka mingi ikifuatana, maji inakosa njia. Watu wa Kipushi wanajua hali hiyo: mwaka wa 2011 pompu kubwa ilishindwa, na maji ikapanda ndani ya mgodi. Tofauti ni kwamba ziwa halina pompu.

Na si mara ya kwanza. Mnamo 1878 Lukuga, iliyokuwa imezibwa, ilivunja kizuizi chake, na mpaka karibu 1900 ziwa lilikuwa limeshuka kama mita 10. Mwaka wa 1964 lilipanda sana. Kisha likarudi nyuma, na watu wakajenga palepale lilipotoka. Parseli ya kambo ni moja ya hizo. Aliinunua bei ndogo, na sasa tunajua sababu ya ile bei. Mwaka wa 2024 maji ilikaribia tena alama ya 1964.

Usiku ule tuligombana. Kaka yetu, mwenye pansioni yake iko karibu, alitaka kumaliza akiba yake yote ku ukuta wa mawe. Dada akamuuliza ukuta wa mawe unasimamisha nini, wakati maji inapita hata chini ya udongo. Kulikuwa pia muntu mwenye kutembea nyumba kwa nyumba, ananunua parseli zilizoharibika, anangojea ziwa lirudi. Bei yake ilikuwa ya kututukana. Tena hatukuwa na haki ya kuuza: barua ya parseli iko kwa jina la kambo, warithi tuko tisa, wawili wanaishi Kigoma. Kwa maoni yetu, mwenye kutuma franka kila mwezi kwa kujenga kwao aulize kwanza jina gani liko ku barua, na maji ya 1964 ilifika wapi. Wazee wangali wanaonyesha pahali.

Kesho yake tulianza kutosha manjanja ya nyumba, kisha milango, kisha matofari yenye ingali mazima, na kuyapandisha ku mlima, ku lupangu ya shangazi yetu, kwa mkokoteni wa vijana wa bandari. Siku ya kwanza kaka hakushika kitu. Alikaa chini ya muembe akiangalia ziwa. Siku ya pili alikuja na nyundo, akaanza kukwangua simenti ku matofari, moja moja. Yalifika 1.300. Barua imetumwa Kigoma. Tunangojea sahihi mbili.