TAIRI LA MBIO AU TAIRI LA KAZI?
Mambo ya kuangalia kabla kikundi hakijatoa pesa



Siku hizi vikundi vingi vya maendeleo vina gari. Kuna kikundi cha maziwa chenye pikapu, na kuna kikundi cha akina mama chenye Probox ya kupeleka mboga sokoni. Usiku, gari hilo hilo ndilo linalomkimbiza mama mjamzito hospitalini. Siku gari linapofika watu hufurahi na mchungaji huliombea. Lakini baada ya mwaka mmoja au miwili mweka hazina husimama mkutanoni na kusema, "Matairi yamekwisha." Hapo ndipo mabishano huanza.

Mwenyekiti anataka ya bei rahisi. Dereva, kijana wetu, ameona matairi mapana yenye rimu kubwa zinazong'aa kama ya magari ya mbio. Anasema, "Hizi ndizo zinashika barabara." Mama mmoja anauliza, "Kwani tairi si tairi tu?" Hapana mama, tairi si tairi tu. Gari zima, na wote walio ndani, wamekaa juu ya sehemu nne za mpira, kila moja ikiwa na ukubwa unaokaribia kiganja cha mkono. Hakuna kitu kingine kinachogusa barabara. Kwa hiyo tuelezane polepole.

TAIRI LA MBIO NI LIPI?

Kijana wetu hasemi uongo. Tairi la mbio linashika lami vizuri kuliko la kawaida, na kuna sababu tatu.

Kwanza, mpira wake ni laini, kwa hiyo hung'ang'ania lami na gari husimama upesi. Pili, ni pana na mifereji yake ni michache, kwa hiyo mpira mwingi unagusa barabara. Tatu, ubavu wake ni mfupi na mgumu. Ukigeuza usukani, gari hugeuka papo hapo bila kuyumba.

Lakini kila faida hapo ina gharama yake. Mpira laini huisha haraka. Tairi pana likikanyaga maji mengi huelea upesi kuliko jembamba, hasa mifereji ikiwa imepungua kina, na gari likielea halisikii usukani wala breki. Mifereji michache ikijaa matope tairi huteleza tu. Na ubavu mfupi hauwezi kubonyea vizuri gari likiingia shimoni. Mpira hubanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo, nyuzi za ndani hukatika, na baada ya siku chache unaona uvimbe ubavuni. Tairi lenye uvimbe ni la kutupwa. Halitengenezeki.

TUJIFUNZE KWA SAFARI RALLY

Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, na mwaka 2021 yalirudi tena katika mashindano ya ubingwa wa dunia, huko Naivasha. Magari yale hukimbia kuliko gari lolote la kijijini. Je, huvaa matairi gani?

Yanaposhindana kwenye barabara za lami kule Ulaya, huvaa rimu za inchi 18 na tairi lenye ubavu mfupi. Yakija kwenye changarawe, kama hapa kwetu, rimu kubwa hutolewa. Huwekwa rimu ndogo za inchi 15, na tairi lenye ubavu mrefu, mnene, na vinundu vikubwa vya kuchimba udongo. Hata hivyo mawe yetu huwapatia pancha.

Basi, ikiwa bingwa wa dunia anabadilisha tairi kufuata barabara, sembuse sisi tunaobeba mikebe ya maziwa kwenye njia ya mawe? Tairi huchaguliwa kwa barabara na kwa mzigo. Uzuri wa macho uje baadaye.

KUSOMA UBAVU WA TAIRI

Muuzaji atakuambia mengi, lakini ukweli umeandikwa ubavuni. Tuchukue matairi mawili.

La kwanza limeandikwa 155/80R14 88/86N LT. Hii ni aina ya matairi ya magari madogo ya mizigo kama Probox. La pili limeandikwa 195/50R15 82V. Hili ni la mbio.

Namba ya kwanza ni upana kwa milimita: 155 na 195. Namba ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. Asilimia 80 ya 155 ni milimita 124. Asilimia 50 ya 195 ni milimita 97 na nusu. Herufi R inaonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na magari mengi madogo leo hutumia aina hiyo. Namba 14 au 15 ni ukubwa wa rimu kwa inchi.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo watu wengi hawaliangalii, yaani namba ya mzigo. Ni namba ya siri kidogo, kwa sababu si kilo zenyewe. Namba 82 maana yake tairi moja linabeba kilo 475. Namba 88 maana yake kilo 560. (Ile 86 inayofuata ni ya gari lenye matairi mawili mawili upande mmoja.)

Mmeona? Lile tairi pana la kupendeza linabeba kilo 85 pungufu kuliko lile jembamba. Kwa matairi manne hiyo ni kilo 340, zaidi ya magunia matatu ya mahindi ya kilo 90. Upana si nguvu. Zile herufi LT zinaonyesha kwamba tairi limetengenezwa kwa gari la mizigo, na hujazwa upepo mwingi zaidi. Ukiliondoa na kuweka la mbio, halafu ukapakia kama zamani, unatafuta balaa.

HERUFI YA MWENDO

Herufi ya mwisho huonyesha mwendo wa juu ambao tairi linaweza kustahimili:

N – kilomita 140 kwa saa
Q – kilomita 160
S – kilomita 180
T – kilomita 190
H – kilomita 210
V – kilomita 240
W – kilomita 270
Y – kilomita 300

Sheria ya Kenya hairuhusu gari lolote kupita kilomita 110 kwa saa. Magari ya abiria na ya mizigo mwisho wake ni 80. Wengi wetu tunakumbuka kanuni za waziri John Michuki za mwaka 2003, zilizoleta vidhibiti mwendo kwenye matatu. Kwa hiyo herufi N inalitosha gari la kikundi lililotengenezewa tairi la N. Kulipia herufi V kwa gari hilo ni kununua mwendo usiouhitaji na ambao sheria inaukataza.

Lakini jihadharini pia na upande wa pili. Kama una jamaa mjini mwenye Subaru ya kasi, na kiwanda kilipanga tairi la V, asiweke la S kwa sababu ni rahisi. Tairi likizunguka hubonyea na kurudi, na kila mara hupata joto. Mwendo, mzigo na upepo mdogo vyote huongeza joto hilo, na joto likizidi tairi hupasuka. Kwa gari lake, linalopita lami tu na bila mzigo mzito, tairi la mbio linaweza kuwa chaguo zuri. Kwa letu, hapana.

Kwa kila gari, anzia kwenye kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au kwenye kitabu cha gari. Hapo kiwanda kimeandika ukubwa wa tairi na kiasi cha upepo. Namba ya mzigo na herufi ya mwendo visiwe chini ya ile kiwanda ilichopanga.

UMRI WA TAIRI

Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Tafuta neno DOT ubavuni, halafu tazama namba nne za mwisho. Zikiwa 3519, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Kama huzioni, tazama ubavu wa pili.

Watengenezaji wengi hushauri kwamba tairi likifikisha miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na lisipite miaka 10 hata kama lilikuwa spea. Jua kali huliharakisha. Muuzaji akikuambia "hii ni mpya kabisa," na DOT inasema lina miaka 7, muulize lilikuwa wapi.

Kiwanda cha Nairobi kilichotengeneza matairi ya Yana kilifungwa mwaka 2016. Sasa matairi yetu yanatoka nje, ya kila aina na kila bei. Kwa hiyo kusoma ubavu ni kinga yetu.

MATAIRI YA MTUMBA

Tunajua kwamba wakati mwingine mfuko hauruhusu. Ukilazimika kununua la mtumba, lisivutiwe rimu kabla hujalitazama ndani na nje:

1. Soma tarehe ya DOT.
2. Pinda mpira kwa mkono. Ukiona nyufa ndogo ndogo, acha.
3. Pitisha kiganja ubavuni ukitafuta uvimbe au mkato.
4. Tazama ndani kama kuna viraka. Kiraka cha ubavuni ni hatari.
5. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya alama, vyenye kimo cha milimita 1.6. Uso wa tairi ukilingana navyo, tairi ni kipara.
6. Kataa tairi lililochongwa mifereji upya kwa kisu cha moto. Kinachokatwa pale ni ule mpira mwembamba uliobaki kufunika waya.

RAHISI HUWA GHALI

Mweka hazina asilinganishe bei peke yake. Agawanye bei kwa kilomita. Huu ni mfano tu: tairi moja ni shilingi 6,000 na linakwenda kilomita 20,000. Jingine ni shilingi 9,000 na linakwenda kilomita 45,000. La kwanza linakula senti 30 kwa kila kilomita. La pili linakula senti 20. Lile la bei kubwa ndilo rahisi!

Utajuaje litadumu? Baadhi ya matairi yameandikwa TREADWEAR na namba. Lenye 400 hutarajiwa kudumu karibu mara mbili ya lenye 200. Matairi laini ya mbio mara nyingi huwa na 200 au chini. Kila kampuni huipima bidhaa yake yenyewe, kwa hiyo ichukue namba hiyo kama mwongozo. Njia bora ni dereva kuandika daftarini tarehe na kilomita kila tairi linapofungwa na linapotolewa. Baada ya miaka michache kikundi kitakuwa na ushahidi wake chenyewe.

BAADA YA KUNUNUA

Pima upepo kila wiki, asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi likipata joto kipimo hupanda. Pima na spea pia. Spea isiyo na upepo haimsaidii mgonjwa usiku wa manane.

Mkinunua mawili tu, yawekeni nyuma. Wengi hushangaa, maana tumezoea kuweka mapya mbele. Sababu ni hii: mbele pakiteleza dereva huhisi kwenye usukani na kupunguza mwendo, lakini nyuma pakiteleza gari huzunguka kabla hajajua. Na matairi mawili ya ekseli moja yawe ya ukubwa mmoja na aina moja.

Tairi likila upande mmoja, msilaumu tairi. Mpelekeeni fundi apime alaimenti na shoku, la sivyo jipya nalo litaisha vivyo hivyo.

Ndugu, katika Luka 14 Bwana Yesu alisimulia juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Pesa za kikundi ni jasho la mama aliyeuza kuku ili alipe hisa yake. Na walio ndani ya gari ni watoto wetu. Tuketi, tuhesabu, tusome ubavu, ndipo tutoe pesa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Gari letu hupita wapi zaidi, lami au changarawe? Mzigo wake mkubwa kabisa ni kilo ngapi?
2. Nendeni wote kwenye gari. Someni ukubwa, namba ya mzigo, herufi na tarehe ya kila tairi, pamoja na spea. Je, yanalingana na kibandiko cha mlangoni?
3. Nani ndani ya kikundi atapima upepo kila wiki na kuandika daftarini?
4. Tukiweka kando kiasi kidogo kila mwezi kwa ajili ya matairi, itachukua miezi mingapi kununua manne mapya bila kuchangisha kwa haraka?