Kwa Nini Viumbe Huzeeka

Dhana iliyoenea kwamba wazee hufa ili kuwapisha vijana haikubaliani na hali halisi ya porini, ambako wanyama wengi huliwa, hufa njaa au huangamizwa na maradhi wakiwa bado na nguvu zao, hata nafasi ikawa imekwisha kuachwa wazi kabla ya uzee kufika. Swali gumu zaidi ni kwa nini mwili ulioweza kujijenga kutoka seli moja, kazi ya ajabu isiyo na kifani, ushindwe baadaye na kazi nyepesi ya kujikarabati.

Msingi wa jibu uliwekwa mwaka 1951 na Peter Medawar, mwanabiolojia wa Uingereza, aliyeeleza kwamba uteuzi asilia, yaani mwenendo ambao kwao sifa zinazomwezesha kiumbe kuacha watoto wengi huenea kizazi baada ya kizazi, hulegea kadiri umri unavyosonga. Jeni, yaani sehemu ya maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli, ikimuua mnyama kabla hajazaa hupotea pamoja naye. Lakini ile ambayo madhara yake hujitokeza katika umri unaofikiwa na wachache mno huwa imekwisha kurithiwa na watoto na wajukuu. Mwaka 1957 Mmarekani George Williams aliongeza hoja nzito zaidi: jeni moja yaweza kumnufaisha kiumbe ujanani na kumdhuru uzeeni, na kwa kuwa uzazi mwingi hufanyika ujanani, faida ndiyo inayoshinda.

Ikiwa ndivyo, viumbe waliokingwa dhidi ya hatari za nje wanapaswa, baada ya vizazi vingi, kuzeeka polepole. Mwanabiolojia Steven Austad aliwachunguza oposumu, wanyama wabebao watoto mfukoni, wa kisiwa cha Sapelo huko Georgia, Marekani, waliotengana na bara kwa maelfu ya miaka na wasio na maadui wengi, akakuta wanaishi muda mrefu kuliko wenzao wa bara, na hata nyuzi za mikia yao zilikakamaa taratibu zaidi.

Ushahidi wa kustaajabisha zaidi umo chini ya ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia. Fuko asiye na manyoya, ambaye ukubwa wake hauzidi sana ule wa panya mdogo wa nyumbani, huishi katika mahandaki ambamo maadui wachache, hasa nyoka, huweza kupenya, na akifugwa hupita miaka 30, ilhali panya huyo ni nadra kufikisha minne. Kwa binadamu mtu mzima, hatari ya kufa huongezeka maradufu takriban kila miaka 8. Uchambuzi wa kumbukumbu za mafuko hao uliochapishwa mwaka 2018 haukuona ongezeko la namna hiyo, na malkia wa kundi, ambaye kwa kawaida ndiye jike pekee azaaye, huweza kuendelea kuzaa hata akiwa na zaidi ya miaka 20.