Dripu ya Maji Haichukui Nafasi ya Damu

Mgonjwa anayevuja damu nyingi huko Bulwa, awe mzazi aliyetoka kujifungua au mkulima aliyejikata kwa panga, huwa na safari ya kushuka milima ya Usambara Mashariki hadi Muheza. Ndugu wakiona ametundikiwa dripu hupata matumaini. Hata hivyo, dripu hiyo isiwe sababu ya kuchelewesha rufaa wala kusita kutoa damu.

Mwili wa mtu mzima una takriban lita 5 za damu. Damu hiyo hujaza mishipa ili moyo uwe na cha kusukuma, na chembe zake nyekundu hubeba oksijeni. Maji ya dripu, yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, husaidia kujaza mishipa kwa muda tu. Hayabebi oksijeni kama chembe nyekundu. Yakizidi, huizimua damu iliyobaki na kudhoofisha uwezo wake wa kuganda. Ndiyo maana wahudumu huyatoa kwa kipimo, huku wakizuia damu isiendelee kutoka.

Muheza yenyewe ilichangia elimu kuhusu kipimo hicho. Kati ya mwaka 2009 na 2011, Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa miongoni mwa hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania zilizoshiriki utafiti wa FEAST. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu walifuatiliwa. Katika saa 48 za mwanzo, walifariki takriban 7 kati ya kila 100 ambao hawakupewa maji mengi kwa haraka, na zaidi ya 10 kati ya kila 100 waliopewa. Watoto hao hawakuwa majeruhi wa kuvuja damu, lakini funzo lilibaki: maji ya dripu ni dawa, nayo yana madhara yake.

Wanasayansi wametafuta mbadala wa damu kwa miaka mingi. Mwaka 2001 Afrika Kusini iliidhinisha bidhaa iliyotokana na damu ya ng'ombe, lakini hadi leo hakuna kilichochukua nafasi ya damu ya binadamu hospitalini.

Damu hiyo hutolewa kwa hiari kupitia Mpango wa Taifa wa Damu Salama. Mchangiaji awe na afya njema, umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4. Kwa kuwa damu huhifadhiwa kwa wiki chache tu, uchangiaji wa mara kwa mara unahitajika.

Ajali inapotokea, wananchi wanakumbushwa kukandamiza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi bila kukiondoa, na kumfikisha mgonjwa kituoni mara moja. Mzazi anayetokwa na damu nyingi naye awahishwe bila kusubiri: ipo dawa ya kusaidia damu kuganda, nayo hufaa ikitolewa ndani ya saa 3.