Draivu ya PC kwenye Amiga 500: kebo inaingia, megabaiti haziingii

Tuseme una Amiga 500, ile kompyuta ya nyumbani ya Commodore ya mwaka 1987, na draivu ya flopi uliyoichomoa kwenye PC iliyokufa. Zote ni za inchi 3.5, zote zina pini 34. Unachomeka, na hakuna kinachosomeka.

Kosa la kwanza ni la nyaya tu. Amiga huiita draivu yake ya ndani kama namba 0, wakati ya PC imezoea kuitika kama namba 1. Pia Amiga inasubiri ishara ya "niko tayari" kwenye pini ya 34, lakini draivu ya PC hapo hutuma habari kwamba flopi imebadilishwa. Habari hiyo Amiga huitafuta kwenye pini ya 2. Ukihamisha nyaya hizo, draivu itafanya kazi.

Ila utapata kilobaiti 880 tu, kama mwanzo. Kwa nini?

Hapa ndipo penye utamu. Ndani ya Amiga kuna chipu inaitwa Paula. Ndiyo inayotoa sauti, na ndiyo inayopokea data za flopi. Kwa flopi za kawaida, Paula hupokea nafasi moja ya biti kila mikrosekunde 2. Flopi ya ujazo mkubwa imebana biti mara mbili zaidi, kwa hiyo ikizunguka mara 300 kwa dakika, nafasi hizo zinapita kila mikrosekunde 1. Paula haiwezi kuzifuata. Ni kama karani wa mlangoni anayeandika majina huku foleni ikikimbia.

Commodore hawakubadilisha karani, walipunguza mwendo wa foleni! Kwenye Amiga 4000 ya mwaka 1992 waliweka draivu maalumu ambayo, ikihisi tundu la pili la flopi kubwa, inashuka hadi mizunguko 150 kwa dakika. Kwa Paula, mwendo ni uleule. Piga hesabu: njia 80 × pande 2 × sekta 22 × baiti 512, unapata kilobaiti 1,760. Kumbe inaishinda hata PC na 1,440 zake, kwa sababu Amiga huandika njia nzima kwa mkupuo bila kupoteza nafasi nyingi katikati ya sekta.

Kwa hiyo kwenye A500 unahitaji draivu ya aina hiyo, pamoja na Kickstart toleo la 2 au jipya zaidi. Nyingi zilitoka na 1.2 au 1.3.

Wengine huziba tundu la pili kwa selotepu ili flopi kubwa ijifanye ndogo. Mimi sikushauri. Utando wake unataka sumaku yenye nguvu zaidi kuandikwa vizuri, hivyo faili linaweza kusomeka leo, kesho likagoma.

Na kama flopi imebeba nakala pekee ya kitu chako, kabla ya kuijaribu kwenye draivu uliyoiunga mwenyewe, sogeza kile kibati cha pembeni mpaka kidirisha kibaki wazi. Hapo draivu itasoma tu, haitaandika.